Herufi nene za kuinama zibaki kwenye butiki, zitoke kwenye matangazo ya msaada

BUKAVU — Mtu akipita Nyawera na kupanda hadi soko la Kadutu, anasoma hata kama hakutaka kusoma. Salo ya kukata nywele, butiki ya mafuta ya pikipiki, fundi wa matairi, kanisa linaloalika watu kwa siku tatu za maombi, kaliko iliyofungwa juu ya barabara: majina mengi yameandikwa kwa herufi za aina moja. Ni herufi nene, kubwa, zinazoinamia upande wa kuume kama mbeba mizigo anayepanda mlima. Mara nyingi ni nyekundu au bluu, na pembeni zina kivuli cheusi. Kwenye biro za kuchapisha, kijana wa kompyuta haulizi hata mteja anapenda nini. Anabonyeza G, anabonyeza I, anakuza, anatuma kwenye mashine.

Herufi hizo ni nzuri mahali pake. Shida ni kwamba zimehama. Zimetoka kwenye butiki zikaingia kwenye matangazo ya kugawa chakula, ya chanjo, ya maji na ya kuandikisha watoto, na huko zinawaumiza watu ambao tayari wamepoteza mengi.

Kwanza zipewe haki yake. Fundi wa maandishi anayefanya kazi kwa mkono anaanza kwa kupiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Kisha anaweka alama za mwinamo ili kila herufi ifuate mwenzake. Pinso pana likishuka kutoka juu kuume kuja chini kushoto linakwenda pale mkono unapotaka kwenda wenyewe, ndiyo sababu fundi mwenye haraka anapenda kuinamisha. Herufi iliyosimama wima haina huruma: ikipinda kidogo tu, hata mtoto wa darasa la pili anaona. Iliyoinama inaficha makosa. Tena inaonekana kama inakwenda, na watu wanapenda kitu kinachokwenda. Motari anayeshuka mteremko ana muda mfupi sana wa kuona jina la butiki, na jina nene lililoinama linamfikia. Wapenzi wa mpira wanaokwenda kwenye uwanja wa Concorde siku Muungano wanakutana na Dawa hawahitaji kaliko ya kusoma polepole. Wanahitaji kaliko inayopiga kelele, na herufi hizo zinajua kupiga kelele.

Kazi hiyo ya pinso isidharauliwe. Chéri Samba, mchoraji wa Kongo anayejulikana duniani kote, alifika Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana na akajifunza kazi kwa mafundi wa maandishi ya matangazo. Mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Hadi leo picha zake zimejaa maneno, na anayezitazama anaona mkono wa mtu aliyewahi kulipwa ili jina la duka lionekane kutoka ng'ambo ya barabara.

Ila kuna jambo ambalo wengi wa wanaobonyeza G na I hawajawahi kuambiwa: vitu hivyo viwili havikuzaliwa pamoja, wala havikuzaliwa kwa kazi moja. Herufi ya kuinama ilitoka Italia, ndiyo maana Wafaransa wanaiita italiki. Katika mji wa Venezia, mwaka 1501, mchapishaji Aldus Manutius alitoa kitabu kilichochapishwa chote kwa herufi hizo, zilizochongwa na fundi wake Francesco Griffo. Zilikuwa nyembamba, ndogo, zikifuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa wakati ule, kwa vitabu vidogo ambavyo mtu angeweza kutembea navyo. Zilikuwa herufi za kunong'ona. Unene ulikuja miaka mia tatu baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, pale London, wakati wachapishaji wa matangazo ya bahati nasibu na ya tamthilia waliposhindana nani ataonekana zaidi ukutani. Herufi zikavimba hadi matundu ya ndani yakabaki kama macho ya mtu anayesinzia. Kazi yake ilikuwa neno moja au mawili juu ya karatasi. Habari yenyewe, yaani siku, saa na bei, iliwekwa chini kwa herufi za kawaida, maana mchapishaji wa London alijua kwamba mteja asiyeona saa vizuri hatakuja.

Mfaransa mmoja alifanya unene na mwinamo vikae pamoja kwa ustadi. Roger Excoffon wa Marseille alichorea kiwanda cha herufi cha Olive herufi iitwayo Banco mwaka 1951: herufi kubwa tupu, nene, zimeinama kidogo, kana kwamba zimekatwa kwenye bati kwa mkasi. Mwaka 1953 akaleta Mistral, inayofanana na mwandiko wa mkono, na mwaka 1955 Choc, nene kama iliyopigwa kwa pinso lililolowa rangi. Herufi hizo zilijaza mbao za mikahawa, za magaraji na za mabucha ya Ufaransa. Aliyezichora alizikusudia kwa matangazo. Mtu hakuletewa Banco ili asome nayo masharti ya kupewa dawa.

Leo hakuna anayechonga. Kompyuta ya birotiki ina G ya kunenepesha, I ya kuinamisha na S ya kupiga mstari chini, na vyote vitatu vinaweza kubonyezwa kwa pamoja. Tena kompyuta inadanganya. Kama herufi iliyochaguliwa haina umbo lake nene wala umbo lake la kuinama, mashine inayatengeneza yenyewe kwa nguvu: inaisukuma pembeni kama nyumba ya mbao iliyopigwa na upepo, na inaongeza wino pande zote. Programu za kwenye telefone ambazo vijana wanatumia kutengeneza afishi zinafanya hivyo hivyo. Matokeo yake si kazi ya Excoffon wala ya fundi wa Kadutu. Ni doa lenye umbo la neno.

Doa hilo likiwa jina la butiki, hakuna anayeumia. Likiwa tangazo la msaada, mambo yanabadilika.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, familia nyingi za Kivu zimehama zaidi ya mara moja. Hapa Kivu ya Kusini walio wengi hawakai kambini. Wanalala kwa familia zilizowapokea, wengine kwenye masomo na makanisa. Kwa hiyo hakuna ubao mmoja ambao kila mhamishwa anapita mbele yake asubuhi. Karatasi inabandikwa kwenye mlango wa parokia au biro ya kartie, mtu mmoja anaipiga picha kwa telefone, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, kundi linaituma kwa kundi lingine. Picha inapunguzwa uzito njiani. Inapofika kwenye telefone ndogo yenye kioo kilichopasuka, mikononi mwa mama aliyekaa Panzi au Bagira, herufi nyembamba zilizosimama bado zinasomeka. Herufi nene zimeziba.

Zinazoziba kwanza ni namba. Katika namba nene ya kuinama, 3 inajifunga inakuwa 8. 6 nayo inakuwa 8. 5 na 6 zinafanana. 1 iliyoinama inakaribia 7 ambayo haikukatwa katikati, na hapa kwetu watu wamezoea kukata 7 kwa kistari, hivyo wanapoikosa ile alama wanaona 1. Yule aliyechapisha hakuona shida, kwa sababu alikuwa anajua siku kabla ya kuisoma. Ndivyo ilivyo: mwandishi wa tangazo ndiye msomaji wake mbaya kuliko wote, anasoma kilichoko kichwani mwake.

Kibaya zaidi ni kile kimstari cha kulala kinachotenganisha siku na mwezi. Kwenye maandishi yaliyosimama kinaonekana, kwa sababu chenyewe kimeinama na namba zimesimama. Zikiinama zote, kimstari kinasimama sambamba na 1 na kugeuka 1. Tarehe 1/11 inakuwa msururu wa vijiti vinne. Mama aliyetoka Kalehe na watoto wanne, ambaye jetoni yake ni ya siku moja tu, anatazama vijiti vinne. Anamwita kijana anayepita: «Mtoto wangu, nisaidie kusoma hapa.» Kijana anakaza macho, anaona haya kusema haoni, anasema: «Nadhani ni tarehe kumi na moja, mama.» Amekosa kwa siku kumi, na amekosa kwa heshima zote.

Wengine watasema huo ni uzembe wa msomaji, angeuliza. Amwulize nani? Namba ya telefone ya kuuliza iko chini kabisa ya afishi, imeandikwa kwa herufi zilezile nene za kuinama. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, simu inaita mtu wa Lubumbashi asiyejua lolote.

Redio nayo inaingia katika mtego huo. Komunike nyingi siku hizi zinafika studio kama picha ya telefone. Msomaji wa komunike ana dakika chache kabla ya habari za jioni, na karatasi haina mtu wa kuitetea. Akisoma 8 badala ya 3, kosa halibaki kwenye mlango wa parokia: linafika Walungu, linafika Idjwi, linafika kila mahali ambapo kuna redio ndogo ya betri, na asubuhi kuna watu wanaotembea saa nyingi kuelekea mahali ambapo hakuna gari la chakula. Kusahihisha kesho yake hakusaidii, kwa sababu aliyekwisha kuondoka hasikilizi tena redio. Anayeandika komunike kwa herufi za salo ya nywele aelewe kwamba anamwandikia mtu atakayeisoma kwa sauti mara moja tu.

Kuna mfano mmoja ambao ungetosha peke yake. Kipindupindu hakitoki kirahisi kwenye pwani za maziwa yetu, na kila familia inayohara inafundishwa maji ya chumvi na sukari kama chumvi za pakiti hazipo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Basi andika nusu kwa namba, 1/2, kwa herufi nene za kuinama, kisha uipige picha na kuituma mara tatu. Mstari unageuka kijiti au unapotea kabisa, na kinachobaki kinaweza kusomwa 12. Chumvi ikizidi sana kwa mtoto mdogo anayeharisha ni hatari, wala hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Neno «nusu» lina herufi nne tu. Halizibi.

Wanaozitetea herufi hizi, na wako wengi katika biro za mashirika, wana hoja moja ya kweli: tangazo lisiloonekana halisomwi. Ukuta wa Bukavu umejaa. Kuna matangazo ya kampuni za telefone, ya pombe, ya manabii, mabaki ya afishi za uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili 2023 ambazo mvua haijamaliza kuosha. Karatasi nyeupe yenye herufi za utulivu itapotea humo. Hoja hiyo ni sahihi kwa neno la kwanza. MAJI, au CHANJO, au CHAKULA: neno hilo na linenepe, na liiname likitaka, na lipakwe nyekundu. Mtu aliyevutwa akishasogea hatua tatu, kelele haina kazi tena. Sasa anataka kujua siku gani, saa ngapi, wapi, aje na nini. Kumpigia kelele mtu aliyekwisha kukukaribia ni ukosefu wa adabu, na kwenye karatasi pia ni hivyo.

Liko na hili la woga. Habari nyingi za uongo zinazozunguka kwenye telefone, zile za kusema daraja limefungwa au usiku kutatokea jambo, zimevaa nguo ileile: nene, zimeinama, nyekundu, alama tatu za mshangao. Watu waliokimbia risasi wanaishi na moyo unaoruka kwa haraka. Tangazo la kuandikisha watoto shuleni halina sababu ya kuja limevaa kama habari ya hatari. Wengine wanalifuta bila kulisoma kwa kudhani ni uongo, wengine wanaogopa. Shirika linalotaka kuaminiwa lisivae nguo za waongo.

Kurekebisha hakuhitaji pesa za wafadhili. Neno moja la juu kwa herufi za kuvuta macho, mengine yote yasimame wima, yasinenepe, yasiandikwe yote kwa herufi kubwa, maana hata katika darasa la kwanza mwalimu anafundisha herufi ndogo. Mwezi uandikwe kwa neno, na siku ya juma itajwe: «Jumanne tarehe 3 mwezi wa kumi na moja». Hata kama 3 imeziba, Jumanne inabaki. Saa iandikwe kama watu wanavyoisema, saa mbili ya asubuhi, si 08h00 ambayo mzee wa Kalehe anaweza kuielewa kuwa saa nane ya mchana. Namba ya telefone igawanywe vipande viwili viwili, kila kipande na nafasi yake. Kiswahili kiwe juu, na Mashi au Kihavu au Kitembo kulingana na waliopo. Kifaransa kinaweza kungoja chini kwa ajili ya ripoti.

Kisha lifanyiwe mtihani ambao hauchukui dakika kumi. Aliyelitengeneza alipige picha kwa telefone ya bei ndogo kabisa iliyoko biro, aitume kwa mwenzake, mwenzake aitume tena, na picha ya mwisho apewe mama anayefagia au mlinzi wa mlangoni, mtu ambaye hakuwa kwenye mkutano. Asome kwa sauti. Akisita kwenye namba, karatasi irudi kwenye kompyuta.

Mafundi wa pinso wa Kadutu na Nguba wangeweza kulipwa kwa kazi hii badala ya kila kitu kuchapishwa kwa mashine inayongoja umeme urudi. Fundi anajua jambo ambalo kompyuta haijui: anarudi nyuma hatua kumi, anafumba jicho moja, anatazama kama 6 imekuwa 8, na kama imekuwa anafuta na kitambaa.

Katika parokia nyingi na masomo mengi ya mji, tangazo linalosomeka kuliko yote halikutoka kwenye mashine yoyote. Ni ubao mweusi uliowekwa mlangoni, umeandikwa kwa chaki na mwalimu, herufi za wima zenye duara, zilezile alizowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Hauna kivuli wala rangi nyekundu. Na gari la chakula likichelewa barabarani, jambo ambalo hutokea, mwalimu anachukua kitambaa, anafuta Jumanne, anaandika Alhamisi.